Tovuti ya Jamii na Zana za Kuichora: Kinachopimwa Ni Nini?

Vikundi vingi vya jamii katika eneo la magharibi mwa Kenya vimeshauriwa vifungue tovuti. Chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga kule Ahero, kamati ya mradi wa maji, kikundi cha wavuvi wa ufuoni, kanisa, sacco ya wahudumu wa bodaboda: wote wameelezwa kwamba bila tovuti wafadhili hawatawaona na wanachama wao watabaki nyuma. Shinikizo hilo lilizidi mwaka wa 2023, serikali ya kitaifa ilipoagiza huduma zake zikusanywe kwenye jukwaa la eCitizen, kwa sababu mwananchi aliyezoea kuomba cheti kwa simu huanza kuuliza kwa nini salio la hisa zake katika ushirika lazima alifuate ofisini. Pamoja na shinikizo hilo yamekuja maneno mengi ambayo wanakamati huyasikia kwa vijana wa kompyuta na kuyaacha yapite: Figma, prototaipu, wayafremu, tajriba ya mtumiaji. Kutokana na hali hii umezuka mkanganyiko unaokula pesa za watu wasio na pesa nyingi. Kamati hulipia michoro iliyotengenezwa kwa zana ya kisasa ikiamini kwamba imenunua tovuti iliyo rahisi kutumia, ilhali vitu hivi viwili havina uhusiano wa moja kwa moja.

Tuanze na maneno yenyewe. Tajriba ya mtumiaji ni jumla ya yote yanayompata mtu anapotumia kitu, tangu anapokisikia hadi anapomaliza shida iliyompeleka hapo, pamoja na namna anavyojisikia njiani. Aliyelieneza neno hili katika ulimwengu wa kompyuta ni Don Norman, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Apple mwanzoni mwa miaka ya 1990. Urahisi wa matumizi ni sehemu moja tu ya tajriba hiyo, na ndiyo sehemu inayoweza kupimwa. Zana za usanifu, kwa upande wake, ni programu za kuchora: humsaidia msanifu kupanga kurasa, vitufe na maandishi kabla mtaalamu wa programu hajaanza kuijenga tovuti yenyewe.

Urahisi wa matumizi una fasili inayokubalika kimataifa, iliyo katika kiwango cha ISO 9241-11 cha Shirika la Kimataifa la Viwango, kilichotolewa mwaka wa 1998 na kurekebishwa mwaka wa 2018. Kiini chake ni kwamba kitu huwa rahisi kutumia pale ambapo watu fulani, wenye lengo fulani, katika mazingira fulani, wanaweza kulifikia lengo hilo kwa usahihi, bila kupoteza nguvu nyingi, na wakaridhika. Neno lenye uzito mkubwa hapo ni “fulani”. Kiwango hiki hakitambui tovuti iliyo rahisi hivi hivi, kwa kila mtu na kila mahali. Ukurasa unaomfaa afisa aliyeketi mbele ya kompyuta kubwa katika ofisi ya Milimani, yenye intaneti isiyokatika, unaweza kumshinda kabisa mama anayeuza omena katika soko la Kibuye, mwenye simu ya skrini iliyopasuka, bando la siku moja, na jua linalomulika kioo. Anayedai kwamba tovuti aliyoijenga ni rahisi kutumia anapaswa kuulizwa kwanza: kwa nani, kwa kazi gani, na akiwa wapi?

Swali hilo halijibiwi na zana yoyote. Figma, programu ya kuchora ambayo ndiyo inayotajwa zaidi na vijana, ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2016, na ilipendwa kwa sababu hufanya kazi ndani ya kivinjari, yaani programu ileile ya kufungulia tovuti, ina kiwango kisicholipiwa, na huwawezesha watu kadhaa kuchora ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, hata mmoja akiwa Maseno na mwingine Nairobi. Thamani yake ilijulikana hata kwa wasioitumia pale kampuni ya Adobe ilipotangaza mwaka wa 2022 kwamba itainunua kwa dola bilioni 20, mpango uliovunjika mwishoni mwa 2023 baada ya wasimamizi wa ushindani wa Ulaya na Uingereza kuutilia shaka. Penpot hufanya kazi kama hiyo, nayo ni programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na kikundi kinaweza kuiweka hata kwenye seva (kompyuta ya kuhifadhia huduma za mtandaoni) yake chenyewe. Zote ni zana nzuri. Lakini kinachotoka humo kwa kawaida ni picha: hata ile inayoitwa prototaipu, yaani mchoro ambao ukibofya kitufe unakupeleka kwenye ukurasa mwingine, haina data ndani yake, haijui mtandao wa polepole, wala haijawahi kukutana na mtu aliyeandika nambari ya simu kinyume na matarajio ya msanifu.

Uzuri wa picha hizo, zaidi ya hayo, huleta tatizo ambalo wengi hawalitarajii. Mchoro ulionakshiwa kwa rangi, picha za watu wenye tabasamu na herufi za kuvutia, ukionyeshwa ukutani katika mkutano wa kamati, huzaa jibu moja: “Inapendeza.” Wazee watauliza kama rangi ya nembo inaweza kukolezwa kidogo, mweka hazina atataka picha yake ibadilishwe, kisha mkutano utafungwa. Hakuna atakayeuliza mwanachama ataonaje bei ya mpunga ya wiki hii, kwa kuwa mchoro unaonekana umekwisha na adabu inakataza kumvunja moyo kijana aliyeufanyia kazi. Ndiyo sababu wayafremu, yaani mchoro wa mifupa mitupu usio na rangi wala picha, una faida kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kuna programu inayoitwa Balsamiq ambayo kwa makusudi huchora kurasa zikionekana kana kwamba zimechorwa kwa mkono, ili anayezitazama aone kwamba kazi bado ni mbichi na awe huru kusema kwamba kitu fulani hakipo au kimekaa pasipo pake. Karatasi na kalamu hufanya kazi ileile bila gharama, na kwa kikundi kinachoanza, mimi naziona bora kuliko programu yoyote.

Kitu cha kwanza cha kuchora katika karatasi hizo ni orodha ya vichwa, yaani menyu, maana hapo ndipo tovuti nyingi za jamii huwapoteza watu. Ukienda kwenye steji kuu ya Kisumu, ubao ulio kwenye kioo cha matatu hukuambia gari linakokwenda: Siaya, Busia, Kakamega. Haukwambii jina la mwenye gari, wala sacco hiyo ina idara ngapi. Menyu za tovuti nyingi hufanya kinyume. Huandikwa kwa kufuata muundo wa kikundi chenyewe: Kuhusu Sisi, Maono, Bodi, Kurugenzi, Machapisho, Nyenzo. Mzazi anayetafuta fomu ya basari hajui kama basari ni “chapisho” au ni “nyenzo”, na hana sababu ya kujua. Yeye anatafuta neno “basari”. Njia rahisi ya kugundua maneno ya watu huitwa kupanga kadi: kila jambo lililomo kwenye tovuti huandikwa kwenye kipande cha karatasi, watu hupewa vipande hivyo wavipange katika mafungu wanayoona yanafaa, kisha huombwa walitungie kila fungu jina. Wakifanya hivyo watu kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake, utaona mafungu na majina yanayojirudia, na mara nyingi yatakuwa mbali sana na yale ambayo kamati iliyapendekeza.

Hapa lugha nayo huingia. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi, lakini tovuti nyingi za vikundi vyetu huandikwa Kiingereza cha ripoti za wafadhili. Kuweka kitufe cha kubadilisha lugha hakutoshi ikiwa Kiswahili kilichopo ni tafsiri ya mashine ya sentensi ambazo hata kwa Kiingereza hazikueleweka. Na kwa baadhi ya kazi, kama maelezo ya dawa ya mimea au tangazo la hali ya ziwa, Dholuo au Kiluhya kilichorekodiwa kwa sauti humfikia mtu haraka kuliko maandishi ya lugha yoyote.

Sehemu ya pili inayowashinda watu ni fomu, nayo inastahili kuangaliwa kwa undani kwa sababu makosa yake ni madogo kwa macho na makubwa kwa athari. Chukua sehemu ya jina. Majina mengi ya watu na ya mahali katika eneo hili yana alama ya ritifaa, kama Nyang'oma. Fomu iliyojengwa na mtu asiyelijua hilo huikataa alama hiyo na kumwambia mwananchi kwamba jina lake mwenyewe ni kosa. Chukua nambari ya simu: wapo watakaoandika 07 mwanzoni, wengine 254, wengine 01, na wengine wataacha nafasi katikati ya tarakimu kwa kuwa ndivyo wanavyozikariri. Kompyuta inaweza kuzisafisha namna zote hizo kwa sekunde moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlazimisha binadamu aandike kwa namna moja. Chukua uthibitisho. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, Mkenya amejifunza kwamba jambo la pesa au la serikali limekamilika pale ujumbe mfupi unapoingia kwenye simu. Fomu inayomaliza kwa kusema “asante” kisha ikatuma barua pepe kwa mtu ambaye hafungui barua pepe humwacha katika wasiwasi. Atajaza tena mara ya pili na ya tatu, na ofisi italalamika kwamba wananchi wanarudia maombi.

Mtumiaji, isitoshe, si lazima awe ndiye mwenye shida. Bibi wa Ugenya hutuma nambari ya kitambulisho chake kwa mjukuu aliye Kisumu. Mjukuu huenda saiba, yaani duka la huduma za intaneti, na mhudumu wa saiba ndiye anayejaza fomu. Nambari ya siri ya kuingilia inapotumwa kwenye simu ya bibi, na muda wake ukapita kabla bibi hajaisoma, mlolongo wote huvunjika. Wasanifu wengi huchora wakimfikiria mtu mmoja, simu moja na akaunti moja, wakati kwa jamii nyingi huku kazi ya mtandaoni hufanywa na watu wawili au watatu wanaosaidiana. Mhudumu wa saiba anayejaza fomu hizo siku nzima anazijua kasoro zake kuliko mtu yeyote, na inashangaza jinsi anavyoulizwa mara chache.

Kuhusu uzito wa kurasa, maelezo yanaweza kuwa mafupi. Picha inayotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huweza kuwa na megabaiti 3 au zaidi. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kubanwa vizuri, mara nyingi hushuka chini ya kilobaiti 200 bila jicho kuona tofauti kwenye simu. Ukurasa wenye picha kumi za uzinduzi wa mradi ambazo hazikupunguzwa unamlipisha kila mgeni kwa bando lake. Google ina zana isiyolipiwa, PageSpeed Insights, ambayo huonyesha uzito na kasi ya ukurasa wowote ukiiandikia anwani yake, na kipimo chake cha kasi nzuri ni sehemu kuu ya ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Nyaraka zilizopigwa skani na kuwekwa kama PDF zina tatizo kubwa zaidi, kwa sababu hazitafutiki kwa neno, huwa nzito, na kwenye simu humlazimu msomaji kuvuta ukurasa kushoto na kulia katika kila mstari. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Bajeti ya kaunti iliyopigwa skani ikiwa imepinda kidogo imechapishwa kwa jina tu.

Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitolewa mwaka wa 2023, hutajwa mara nyingi kana kwamba unawahusu watu wenye ulemavu pekee. Kwanza, hao ni wanachama wetu kama wengine, na haki yao ya kusoma bei ya mpunga haihitaji kutetewa kwa faida ya mtu mwingine. Pili, masharti yake humsaidia kila mtu aliye juani. Mwongozo huo unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na ule wa rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hutoa 21 kwa 1, ilhali kijivu hafifu kinachopendwa na wasanifu wengi mara nyingi huwa chini ya 3 kwa 1: kinasomeka ofisini na kinapotea ufuoni Dunga saa saba mchana. Zana kama WAVE hukagua mambo haya bila malipo, lakini zinagundua baadhi tu ya kasoro. Zinaweza kukuambia kwamba picha haina maelezo ya kusomewa asiyeona. Haziwezi kukuambia kwamba maelezo uliyoandika hayana maana.

Ikiwa zana za kuchora hazipimi, na zana za kukagua hupima kwa sehemu tu, basi kipimo chenyewe ni mtu anayefanya kazi yake mbele ya macho yako. Watu huogopa jaribio hili wakidhani linahitaji chuo kikuu na dodoso la mamia ya watu. Jakob Nielsen, mmoja wa wataalamu waliojenga taaluma hii, alieleza mwaka wa 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo, akikadiria kwamba kila mtu kwa wastani hugundua asilimia 31 na kwamba wanaofuata hurudia mengi yaliyokwisha kuonekana. Namba hizo zimepingwa na watafiti wengine na si sheria ya maumbile. Tovuti kubwa yenye kazi nyingi itahitaji zaidi, na wakulima na maafisa wa ugani ni makundi mawili yanayostahili majaribio mawili. Shauri lenyewe lakini ni zuri: jaribu na watano, rekebisha, jaribu na watano wengine, kuliko kutumia bajeti yote kwa watu kumi na watano kabla ya kurekebisha chochote.

Jinsi ya kulifanya jaribio ni jambo la busara ya kawaida, ingawa lina mitego yake. Mtu atumie simu yake mwenyewe, mahali anapoitumia kwa kawaida, na bando alipwe na kikundi. Apewe kazi, asiulizwe maoni. Ukimwuliza kama tovuti ni nzuri, heshima itamfanya aseme ni nzuri. Kazi yenyewe isitaje neno lililo kwenye menyu: badala ya kumwambia afungue ukurasa wa “Ratiba ya Ugavi”, mwambie kwamba mfereji wa kwake umekauka na anataka kujua maji yatarudi lini. Kijana anayemwongoza mtu mzima aanze kwa kumtoa wasiwasi: “Mama, leo hatukupimi wewe, tunaipima tovuti. Pale utakapokwama ndipo tulipokosea sisi, na ndipo tunapopatafuta.” Kisha anyamaze. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu aliyeijenga tovuti huumia kuona kidole kikipita juu ya kitufe sahihi bila kukibonyeza, na hujikuta amesema “hapo juu kidogo, mama”. Neno hilo moja huliharibu jaribio, kwani mama atakapokuwa peke yake nyumbani hatakuwa na wa kumwambia. Ikiwa sauti au skrini inarekodiwa, ridhaa iombwe waziwazi, na nambari halisi ya kitambulisho isitumiwe, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu kikundi kidogo kama inavyohusu kampuni kubwa.

Baada ya hapo mkataba na mjenzi wa tovuti hubadilika sura. Mikataba mingi huorodhesha idadi ya kurasa, rangi na zana itakayotumika. Kamati inaweza kuandika badala yake kazi tatu au nne ambazo wanachama huzihitaji zaidi, kwa mfano kuona bei ya wiki, kuangalia salio la hisa, na kuripoti bomba lililopasuka, kisha ikaweka sharti kwamba malipo ya mwisho yatatolewa wanachama watano ambao hawajawahi kuiona tovuti hiyo watakapozikamilisha kwenye simu zao bila kusaidiwa, au orodha ya mahali walipokwama itakapokuwa imerekebishwa. Mjenzi mwenye ujuzi hataliogopa sharti hilo, na hatajali kama michoro ya awali ilifanywa kwa Figma, kwa Penpot au kwa kalamu. Bajeti pia itenge kiasi cha mwaka wa kwanza wa marekebisho, kwa sababu mengine hujitokeza baada ya uzinduzi, na mahali pa kuyatafuta panajulikana: ni katika simu na jumbe za WhatsApp ambazo karani wa kikundi huzipokea kila siku kutoka kwa wanachama wanaouliza mambo ambayo tayari yameandikwa kwenye tovuti.